Watoto Wawili Niliomtajia Daktari

Dada yangu Hajra,

Salamu zikufikie hapo Nanganga wewe na wote wa nyumbani. Mama hajambo? Magoti yanamruhusu kusujudu, au bado anasali juu ya kiti? Anuari na Shakila wanaendeleaje na shule? Nasikia mikorosho imebeba vizuri mwaka huu na watu wameshaanza kuokota. Mungu awape nguvu. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi kile kile unachokijua, na uchovu, na baridi ya huku ambayo sijaizoea.

Barua hii anakuja nayo Ismaily, yule fundi baiskeli, anayeshuka kwa ajili ya msimu. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Sikutaka kupiga simu kwa sababu simu yenu mnaiweka spika na majirani wote wanasikiliza, na wewe ukisikia jambo unapiga kelele kabla halijaisha. Kwa hiyo kaa peke yako usome mpaka mwisho.

Mara ya mwisho ulinisema kwamba siji nyumbani kwa sababu nimepata mwanamke huku. Sina mwanamke, dada. Nimeng'ang'aniwa na kitu kingine, na nikikueleza utadhani natunga.

Nilikwambia nafanya usafi hospitali, na ni kweli. Hospitali yenyewe ni ya kufundishia madaktari. Mimi nipo upande wa picha, nadeki na kusukuma wagonjwa kwenye vitanda vya magurudumu. Hapo wapo watu ambao wameshakuwa madaktari tayari, lakini wamerudi darasani miaka mingine ili wajifunze kusoma picha za ndani ya mwili. Mwanzoni nilicheka, nikidhani picha mtu anaitazama tu. Kumbe wanaweza kukaa mbele ya pafu moja asubuhi nzima wakibishana kama wazee wenye kesi ya mpaka wa shamba. Mwalimu wao, Daktari Tabitha, anakaa nyuma anatafuna karanga. Anamwuliza mmoja ameona nini, na akishajibu anamwuliza amekosa kuona nini.

Sasa kuna ile mashine ya utrasaundi, ya kupitisha juu ya tumbo. Kuijua kunahitaji mwili wa mtu wa kufanyia mazoezi. Wagonjwa wanachoka kubonyezwa, kwa hiyo madaktari hulazana wenyewe kwa wenyewe, au wanatulaza sisi wasafishaji. Siku moja Daktari Faridi, kijana mwenye utani mwingi, aliniomba nilale kidogo. Akanipaka jeli, baridi kama ngozi ya chura, akaanza kutafuta ini upande wa kulia. Hakuliona. Akageuza kishikio cha mashine, hakuliona. Mwenzake, Daktari Teddy, msichana mwenye ulimi mkali, akamwambia kama ini zima limemshinda basi aombe ndoo kwa Saburi, wabadilishane kazi. Akachukua yeye, naye hakuliona. Wakaizima mashine, wakaiwasha tena. Daktari Tabitha alipokuja alinipitisha kishikio mwenyewe, kulia kisha kushoto, akacheka. Akawaambia mashine ni nzima na macho yao ni mazima, ila huyu baba vitu vyake vimewekwa kinyume.

Ndiyo hivyo, dada. Ini langu liko kushoto. Moyo uko kulia. Nilizaliwa hivyo, si uchawi, na haiambukizi. Wakanipiga eksirei, wakaniingiza na kwenye mashine ya duara, wakaona mirija ya mapafu imetanuka na kujaa makohozi. Hicho ndicho kikohozi ambacho nyumbani tulisema ni salfa tunayopulizia mikorosho, na hayo ndiyo makamasi mliyonicheka utoto mzima.

Tangu hapo sina pumziko. Kila kundi jipya la madaktari lazima linishike. Wananiita mzee Kinyume, wananiletea chai na maandazi, na sina ubaya nao. Lakini nimelala pale natazama dari, watu sita wanazungumza Kiingereza juu ya tumbo langu, nikiambiwa vuta pumzi navuta, nikiambiwa achia naachia. Nilipoomba ruhusa ya kuja, msimamizi wa kampuni yetu ya usafi aliniambia madaktari wanakaribia mtihani mkubwa, walimu wa vyuo vingine watakuja kuwapima, na mimi nimewekwa kuwa mmoja wa watu watakaotumika kuwapimia. Akasema nikiondoka kabla ya mtihani, nisihangaike kurudi.

Hayo ningeyavumilia. Linalonibana ni hili.

Siku moja ya mazoezi, Daktari Tabitha alimwuliza Teddy, mtu kama huyu utamwuliza kitu gani ambacho picha haiwezi kukwambia. Teddy akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili kama nina watoto. Nikajibu ninao wawili, Anuari na Shakila. Dada, nakuapia sikuona kama nasema uongo. Kwetu mwanamume ukimwuliza watoto, anaanza na wa dada yake. Anuari nilimpeleka jandoni mimi. Shakila akiposwa, atakayeulizwa ni mimi mjomba wake. Nikawataja kama ninavyowataja siku zote.

Darasa lilifurahi mno. Waliandika haraka haraka, wakaniuliza kama watoto nao wanakohoa, wakataka waletwe wapimwe. Daktari Faridi akanishika bega akanipa hongera. Akasema mimi ni mwenye bahati, maana wanaume wengi wenye mwili huu pamoja na kikohozi hiki hawapati mtoto. Akanieleza kwamba ndani yetu kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi yatoke, na vyangu havisukumi, na mikia ya mbegu za mwanamume imeumbwa kwa namna hiyo hiyo. Nikatabasamu pamoja nao. Nikavaa shati, nikachukua ndoo yangu, nikaenda kudeki korido ambayo nilikuwa nimeshaideki.

Baadaye nilimfuata Daktari Tabitha ofisini kwake, nikamwambia wale ni watoto wa dada yangu. Alivua miwani, akanivutia kiti, akasema tupime kwanza. Tulipima, tukarudia. Majibu ni yale yale, mbegu zipo lakini hazitembei. Alisema kuna mahali wanaweza kumsaidia mtu kama mimi, ila si kwa kipato cha mtu wa deki, na sikutaka anidanganye, naye hakunidanganya.

Kwa hiyo asiyezaa ni mimi, dada. Si Mwanaima.

Mke wangu amekunywa mizizi miaka yote hii akatapika mpaka akakonda. Wewe mwenyewe ulimpeleka akachanjwa tumboni. Shakila alipochezwa unyago, ulimwambia akae mbali na mwari asije akamfunga kizazi. Ulimwita mpapai dume mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, nilikaa kimya. Sasa mmeshapanga kikao kule Kiegei anakoishi, baada ya korosho, nimwache, nimwoe huyo Munira mliyenichagulia. Na Munira, miaka ikipita, mtamwita nini?

Nimelijua hili tangu masika, na nimelificha mpaka leo. Utaniuliza kwa nini. Mjomba wake Mwanaima, mzee Mikidadi, ameshasema mara nyingi kwamba ukoo wao umebakiwa na binti huyo mmoja wa kuuendeleza. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, unajua. Akisikia kasoro iko kwangu atamtaka binti yake arudi, aolewe na mwanamume mwingine, na hatakuwa na kosa. Nikinyamaza, mnamfukuza kama tasa. Nikisema, wajomba zake wanamchukua. Huku namkosa na huku namkosa, na siwezi hata kuja kumtazama usoni. Mwanzoni niliona afadhali nimkose nikiwa mwanamume kuliko nimkose nikiwa mgumba. Nakwambia ilivyokuwa, sijitetei.

Wiki iliyopita alinipigia. Alisema kuna mganga mwingine Ruangwa, lakini amechoka, hataenda. Akasema amesikia habari za kikao, na hatawasumbua. Yuko tayari kuachwa ili nisizeeke bila mtoto, na akaniomba nikimpata Munira nisimruhusu mtu amtukane kama alivyotukanwa yeye. Nilitaka kumwambia pale pale. Kikohozi kikanishika, nikakohoa mpaka salio likakatika, na Mungu ananiona, nilishukuru lilipokatika. Kutoka siku hiyo sijala nikashiba.

Basi nakutuma, dada yangu. Kesho usiende korosho. Panda pikipiki uende Kiegei, kabla ya kikao. Usimpe Mwanaima barua hii aisome. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwa sababu yale mengine yote aliyasikia kwa mdomo huo huo. Mwambie yeye kwanza, peke yake. Kisha nenda kwa mzee Mikidadi umwambie mbele ya wifi zake Mwanaima wote waliocheka siku ile ya mpapai dume. Munira aambiwe aolewe na mtu mwingine. Mama mweleze polepole, na usimwambie habari za moyo, ataogopa.

Mwanaima akitaka kuondoka, asizuiwe wala asilaumiwe, nitatuma talaka yake kwa heshima. Akitaka kunisubiri mpaka mtihani wa hawa madaktari uishe, ni uamuzi wake. Hilo usimwombe, wala usimgusie. Nalitaka kupita kitu chochote, ndiyo maana nakukataza.

Nisalimie mama, umbusu mkono. Nisalimie majirani. Anuari na Shakila waambie wasome, mjomba wao anawawaza kila siku. Mungu awalinde nyote mpaka tutakapoonana.

Mdogo wako,
Saburi