Jiko Langu Kwenye Filamu

Shoga, uko wapi? Hupokei simu, basi nakuachia ujumbe wa sauti.

Nimempeleka mjukuu sinema. Si unamjua, anapenda vionjo vya filamu zijazo kuliko filamu yenyewe. Kila kimoja, "Bibi, hii lazima tuje!"

Kikaja cha kutisha. Jikoni, mama mzee ametupa mgongo, anabandika birika.

Jiko langu, shoga. Birika langu, lenye mfuniko uliofungwa waya wa buluu. Na yule mama kavaa sweta uliyonifumia wewe!

Nikadhani ni macho yangu. Mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, mbona ni kwetu?" Kwetu, kasema.

Nikapiga ukelele. Mkata tiketi, Mungu ambariki, akanishika mkono mpaka nje, akaniletea maji.

Watu wa filamu waliingia lini? Labda zile wiki mbili nilizokuwa kwa binti yangu, ukinimwagilia maua. Ufunguo wa pili unao wewe peke yako. Sijakasirika. Niambie tu ulimpa nani, na kama aliurudisha.

Maana tumefika nyumbani, tumesimama mlangoni, hatujaingia, na ndani birika linapiga mluzi.