Kikapu cha Kwanza cha Mama Honorine

Élisabethville, 3 Februari 1958

Mjomba wangu mpendwa Sudi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kasenga. Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama anauliza kama bado unakula samaki kila siku kama paka.

Tangu nirudi kutoka Makerere kuna swali ambalo halijaniacha: bei hutoka wapi? Vitabu vyangu vinasema huzaliwa pale mnunuzi na muuzaji wanapokubaliana kwa hiari. Ndivyo nilivyowaeleza wanafunzi wangu ishirini na wawili hapa chuoni, katika somo lao la kwanza la namna biashara inavyoendeshwa. Kalaba, ambaye mama yake anauza unga, akanyoosha mkono. "Mademoiselle, ule bwana wa kitabu alishafika ku soko yetu?" Darasa likacheka, nami nikacheka.

Kwa hiyo tumeamua kuendesha biashara ya kweli kwa mwezi mmoja. Rigobert, mpole kuliko wenzake wote, amechaguliwa kusimamia kibanda. Naomba ututumie vikapu sita vya samaki wabichi kwenye lori lako la Ijumaa. Usitupendelee, tuhesabu kama wateja wengine.

Mpwa wako,
Amida


Kasenga, 12 Februari 1958

Mupwa wangu Amida,

Salamu. Niko muzima, mugongo tu njo inanikumbusha myaka. Ambia mama yako paka hayakonda bado.

Bikapo sita bitakuya na kamio ya Ijumaa tarehe 21. Lakini sikia. Pale soko kuko mama moja, Honorine, mujane, mukubwa kupita bauzishaji bote. Kamio ikifika, yeye njo anafungua kikapo ya kwanza, anasema bei, na bote banafuata ile bei. Saa sita, barafu ikianza kuyeyuka, samaki yenye inabakia banaigawana, juu muntu asirudie na ya kuoza. Kama Honorine hayafungua bado, mukono yako ikae mu mufuko. Usiniulize sababu. Mi nilikulipia masomo uyue mingi. Ile moja ufuate tu.

Mjomba wako,
Sudi


Élisabethville, 9 Machi 1958

Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa, na kwa kuwa leo siwezi kuanza kwa kuuliza hali yako kama inavyopasa. Rigobert amefariki.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana sina kingine cha kushikilia. Barua yako niliwasomea darasani. Nikawaambia kwamba desturi ya Mama Honorine ina jina vitabuni: ni njama ya wauzaji dhidi ya mnunuzi, na dawa yake ni ushindani. Ijumaa ile tulifungua kabla yake na kuuza kwa bei iliyopungua robo nzima. Kufikia saa nne vikapu vyetu vilikuwa vitupu. Wanunuzi waliochelewa wakakataa bei ya zamani. Wakasimama wakingoja ishuke. Wanawake kumi na wanne wakakaa na samaki wao mpaka barafu ikawa maji, kisha wakabeba uvundo nyumbani.

Honorine alikuja kibandani, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha manjano kichwani. "Mutoto wa Sudi," aliniambia, "unafundisha bale batoto kusoma ao kuiba?"

Rigobert akamjibu kwa adabu, "Mama, tunauzisha tu."

"Na sie tunafanya nini? Tunacheza?"

Nikakutumia simu ya maandishi uongeze vikapu viwe kumi na viwili. Ukaviongeza.

Ijumaa iliyofuata wanaume wanane walitokea nyuma ya lori na mipini ya majembe. Walianza na vikapu, wakaendelea na mikono iliyovishika. Nilisikia taya la Kalaba likivunjika. Ni sauti ndogo, kama ya kijiti kikavu. Rigobert alijilaza juu ya kikapu cha mwisho. Huenda ni kwa sababu niliwafundisha kwamba mali ya biashara ni amana. Walimpiga kichwani mpaka samaki wakawa wekundu, wakaendelea hata alipokuwa hajikingi tena. Mnunuzi mmoja aliokota samaki waliotawanyika, akawapangusa damu kwa nyasi, akaondoka nao. Rigobert alikufa hospitalini siku ya tatu bila kufumbua macho.

Honorine amekamatwa. Anasemekana ndiye aliyewatuma wauaji. Nilimwona akitolewa katika mahojiano, jicho moja limefumba kwa kuvimba. Hataji jina la mtu. Mimi nimeitwa kutoa ushahidi Jumatatu tarehe 24. Wanaume wale sikuwatambua. Je, wewe unawajua?

Mpwa wako,
Amida


Kasenga, 16 Machi 1958

Mupwa wangu,

Nimeweka kalamu chini mara tatu.

Mwaka 1932 kazi ya shaba ilikwisha, bantu balifukuzwa, kamio ya samaki ilikuwa inakuya moja tu kwa juma. Siku moja bamama balipigana na bisu ya kupasulia samaki juu ya bikapo. Batatu balikufa. Honorine alikuwa na mutoto mu mugongo. Balimwangusha, balimukanyanga ule mutoto. Alimuzika, akarudia soko, akasema: kuanzia leo miye nafungua wa kwanza, na yenye inabakia tunagawana. Benye balikatala, mimi nilibapiga. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mupini ya jembe. Myaka makumi mbili na sita damu haikumwangika tena pale. Ile unaita njama ilitoka mule.

Bale banane beko bapakizi ba kamio yangu. Sikubatuma. Balikuya kuniuliza, "Patron, tufanye nini?" Nikanyamaza. Banajua kunyamaza kwangu maana yake nini. Honorine hakutuma muntu. Alibaambia bangoje, batoto ba masomo batachoka benyewe.

Fanya yenye roho yako inakuambia.

Mjomba wako,
Sudi


Élisabethville, 21 Machi 1958

Mjomba,

Nakutakia afya, na ninamaanisha hivyo.

Jana nilirudi darasani. Kalaba, ambaye taya lake limefungwa kwa waya, aliandika ubaoni: "Bei inatoka wapi?" Niliwasomea barua yako yote isipokuwa jina lako. Nikawaambia kwamba kosa langu lilikuwa kudhani kuwa jambo ambalo sijaelezwa sababu yake halina sababu. Hata hilo nililisema kwa mashaka. Kanuni inayosimama kwa mpini wa jembe, ni njema kwa nani? Maskini waliofurahia bei yetu asubuhi ile nao walikuwa watu. Na ada yangu ya Makerere ilitoka katika lori lile lile.

Leo nilikwenda sokoni nikidhani utashuka. Lori lilifika bila wewe. Wanawake walipokea vikapu vyao, wakavipanga, wakasimama. Hakuna aliyefungua. Mnunuzi mmoja akauliza, "Munangoja nani?" Saa sita maji ya barafu yalikuwa yanatiririka mpaka miguuni mwangu, na vifuniko vilikuwa bado vimefungwa.

Jumatatu nitamweleza hakimu niliyoyafanya mimi, kisha nitamkabidhi barua yako. Honorine hatafungwa kwa ajili yetu.

Limebaki moja. Ulilijua soko lile, na ulikijua kichwa changu kigumu. Hata hivyo ulituma vikapu sita, kisha kumi na viwili. Sijui kama ulishindwa kuninyima, au uliniacha nifundishwe. Nilitaka kukuuliza, nikaacha. Ungenijibu kwamba ulinipenda, na jibu hilo lingekuwa la kweli vyovyote vile.

Mpwa wako,
Amida