Pikapu Nyeusi Ndani

Limbu, uko hewani? Leo Mama kanifungia mlango wa gari usoni. Pale kanisani Kaengesa, misa imeisha, watu wote wanaona!

Unaikumbuka pikapu ya marehemu Baba, ndani nyekundu tupu? Wiki nzima nimeshinda kwa fundi wa magari kule Majengo. Viti tumeshona upya, dashibodi na milango tumepuliza rangi. Nyeusi yote. Nilitaka Mama afurahi.

Nimeenda kumchukua, kafungua mlango, kachungulia, akasema, "Samahani baba, nimekosea gari."

Samahani baba! Mimi mwanaye! Hata usoni hakuniangalia, ameangalia viti tu. Akafunga mlango polepole, akaanza kuzunguka magari ya watu akitafuta letu.

Nikamkimbilia. "Mama, ni mimi Christopha. Gari ndiyo ile, nimebadilisha rangi."

Akarudi. Akapapasa kiti chake, kile alichokalia miaka ishirini pembeni ya mzee. "Na vile vitambaa vyekundu viko wapi?"

Nikamwambia fundi kashavichoma.

Hakunigombeza, kaka. Afadhali angenigombeza.

Kapanda nyuma kwenye bodi, kakaa juu ya tairi la akiba. "Twende. Huku bado ni kwa baba yako."

Nimeendesha mpaka mjini peke yangu mbele, na baridi hii yetu, namwona kwenye kioo kajifunika kitenge.

Tumefika nyumbani muda sasa. Nimezima gari. Yeye hajashuka, na mimi nimeshindwa kushuka.