Gogo Nililolipaka Rangi

Alhamisi, Likoni. Manyunyu ya siku tatu yamekatika adhuhuri, na sasa jua la alasiri linapiga hapa barazani ninapoandika. Nimevua viatu. Lori langu limesimama mbele ya nyumba, na kwenye kioo chake kuna karatasi mpya, ndogo, ya duara. Nimeshainuka mara nne kwenda kuitazama. Ya tano nimejizuia kwa sababu jirani ameanza kuniangalia vibaya.

Limepita.

Mwezi mzima sikuandika neno katika daftari hili. Nilijiambia kazi ni nyingi. Uongo. Nilikuwa na jambo kifuani, na nilijua nikishika kalamu tu litatoka. Basi leo na litoke.

Nianze na barua. Aliileta mzee wa mtaa wiki iliyopita, imepigwa mhuri, yasema kila gari linalobeba abiria sharti likaguliwe kila mwaka, na langu lifike Changamwe si zaidi ya Jumatatu, la sivyo ruhusa ya kubeba watu imekwisha. Nilikasirika. Lori hili nililinunua mwaka jana, jeshi lilipokuwa likiuza vyombo vyake baada ya vita, na siku ile lilikaguliwa nikapewa cheti. Nilikitia katika fremu nikakitundika ukutani kando ya cheti cha ndoa. Nilidhani vyeti hivi viwili ni ndugu, ukishapewa umepewa.

Mke wangu Mwanamisi alipoisoma barua alisema maneno machache tu. "Kwani wewe waogopa n'ni, Bakari? Wape walitazame." Kisha akaendelea kukuna nazi.

Siku mbili nililiosha na kulipaka rangi. Kijani kibichi, kuanzia boneti hadi nyuma. Nikapaka mabenchi ya abiria, nikapaka ngazi, nikapaka hata vifuniko vya magurudumu. Rangi ikabaki kidogo kwenye kopo, nami mtu wa Likoni sitaki kitu kitupwe. Nikalipaka na gogo.

Gogo sharti nilieleze, maana asiyewahi kusubiri feri Likoni hatanielewa. Barabara ya kwenda kivukoni inateremka, na magari husubiri zamu yao papo hapo mteremkoni, yamefuatana. Utaratibu ni abiria kukaa garini hadi chini kabisa, mlangoni mwa feri, ndipo washuke. Kwa hiyo kila dereva wa upande wetu ana gogo lake. Ukisimama unaruka chini, unalipachika nyuma au mbele ya gurudumu, feri ikija unalitoa. Langu ni la mbambakofi, zito, limechongwa kama kabari. Breki yangu ya mkono ilikuwa ikishika kwa muda wa kusema bismillahi, nami bismillahi ikiisha nimeshafika chini na gogo. Nilikuwa hodari sana. Watu walikuwa wakinitazama.

Jumatatu nikavuka. Barua yasema "Changamwe, uwanja wa ukaguzi", kana kwamba Changamwe ni chumba chenye mlango mmoja. Kwenye feri nikaambiwa niulize polisi mjini. Polisi wakanielekeza nivuke daraja la Makupa niende mbele. Nilipovuka, muuza madafu akanyoosha kisu chake upande wa reli, nami nikakifuata kisu hadi nikajikuta uani kwa watu wa reli, mbele yangu kichwa cha treni kinatoa moshi. Mlinzi mmoja akanizunguka, akalitazama lori lilivyong'ara, akaniambia, "Bwana, hapa twakagua yanayopita juu ya chuma. Hili lako lapita wapi?" Wenziwe wakacheka. Nilirudi kinyumenyume huku jasho likinitoka.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, hauna hata kibao. Banda moja la mabati, malori saba yamepanga mstari, na kando yake kilima kifupi cha udongo mwekundu chenye mistari ya chokaa. Kile kilima nilikitazama mara mbili.

Mkaguzi ni Kalasinga wa makamo, ndevu zimeanza mvi, mzaliwa wa papa hapa Mombasa. Kiswahili chake chanipita mimi. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, kisha akaingia chini ya lori na kilemba chake cheupe kama mtu anayeingia kitandani. Taa, akasema nzuri. Honi, nzuri. Usukani aliutikisa akaguna. Mabenchi aliyahesabu, akaniuliza hukaa watu wangapi. Nikataja idadi iliyoandikwa kwenye cheti. Akanitazama. Nikaongeza kidogo. Akaendelea kunitazama, nami nikasema kweli.

Kisha wakapakia viroba vya mchanga, kwa uzito wa wale watu niliowataja mwishoni. Akanikalisha kwenye usukani, yeye akasimama kando ya kilima. "Teremka polepole. Simama kwenye mstari. Vuta breki ya mkono, ushuke, uje hapa nilipo."

Nikateremka. Nikasimama, mstari nimeupita kidogo tu. Nikavuta breki ya mkono. Na hapo, ndugu daftari, mwili ukafanya ulichozoea. Bismillahi ilipoisha nilikuwa nimeshateremka, gogo mkononi, nimeliingiza mbele ya gurudumu barabara. Lori likatikisika, likatulia. Nikasimama wima, nikamtazama Kalasinga kwa fahari, nikingoja anisifu.

Kalasinga akanyoosha kidole gurudumuni.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Gogo."

"Naona ni gogo. La nini?"

"La breki," nikasema.

Madereva wote saba waliangua kicheko. Mmoja alikaa chini. Kalasinga hakucheka. Alikuja akachuchumaa, akatia jiwe kando ya gogo, akalitoa gogo na kuligeuza mikononi. Juu lilikuwa kijani kizuri. Upande unaokutana na tairi ulikuwa umelika, rangi mpya imekwisha kubanduka, na chini yake kovu juu ya kovu.

"Umelipaka rangi ya lori," akasema, kwa upole. "Maana kwako ni kiungo cha lori. Mzee Bakari, hili ndilo lililokuwa likifanya kazi. Breki zako zilikufa zamani."

Nikaanza kumweleza kwamba mwaka jana lilipita, cheti kiko ukutani. Akanijibu maneno ambayo sijayasahau tangu Jumatatu. "Mwaka jana lilipita, ndiyo. Tangu hapo limeteremka Likoni mara ngapi? Breki haifi siku moja ukaiona. Hupungua leo nywele moja, kesho nywele moja, na wewe kila siku waongeza mbio za kuruka. Ndiyo maana tunaliita kila mwaka. Sisi hatukuliona jana, kwa hiyo sisi ndio tunaoona tofauti."

Kisha akaniuliza swali moja, sauti chini, wenzangu wasisikie. "Halijawahi kuteleza?"

Nikasema halijawahi.

Hapo ndipo penye jambo langu.

Mwezi uliopita, siku ya mvua, nilikuwa nimesimama mteremkoni gari la tatu, lori limejaa. Mwanamisi alikuwa mbele, na karibu naye binti yetu Riziki, ambaye ana mimba yake ya kwanza, tunampeleka kliniki mjini. Niliruka na gogo kama kawaida. Udongo ulikuwa utelezi. Gogo likasukumwa mbele kama kipande cha sabuni, na lori likaanza kuondoka, taratibu, bila mimi. Nilikimbia nikaning'inia mlangoni, nikaingia, nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Halikusimama. Nililikwepesha kando ya magari mawili yaliyokuwa mbele yetu, likashuka hadi kwenye mchanga wa kando ya gati, magurudumu ya mbele yakaingia majini, likakwama.

Abiria walipiga makofi. Walidhani nimewakata wenzangu makusudi ili tuwe wa kwanza. Karani wa feri alinitukana kwa kuruka zamu. Wakaniita Bakari Mkatazamu, na jina likaenea hadi Shelly Beach.

Nami nikalipokea jina. Nikacheka nao. Nilipunga hata mkono.

Magurudumu yangu ya mbele yalikuwa majini, na nikapunga mkono. Tangu siku ile nimebeba watu kila asubuhi kwenye mteremko uleule, nikijua. Sikumwambia mtu. Ningewaambia nini watu, kwamba ushujaa wangu ulikuwa kuponea chupuchupu? Mficha uchi hazai, wanasema wazee, na mimi nilificha hata kwa mke wangu wa miaka ishirini na miwili.

Kalasinga hakunipa cheti. Aliandika kwenye kitabu chake, gogo akabaki nalo, akanielekeza kwa fundi Yona, Mrabai anayetengeneza magari nyuma ya soko la Changamwe, akaniambia nirudi Alhamisi. Lori lisibebe mtu hadi hapo. Nilishika njia huku nikimlaani moyoni, baba yake na babu yake. Namwomba radhi hapa, kwa maandishi.

Kwa maana fundi Yona alipofungua magurudumu aliniita. Akanionyesha. Ule utando unaobana ndani ya gurudumu ulikuwa umekwisha kabisa, chuma kinasuguana na chuma, na mafuta yamevuja yakatapakaa juu yake. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umebaki nyuzi tatu. Nilizihesabu. Nyuzi tatu, na juu yake watu wote wale, na Riziki na tumbo lake.

Nilitoka nje ya karakana nikatapika. Yona aliniletea maji akaniambia nikae, kazi ni yake sasa.

Siku mbili nilishinda pale nikimpa spana. Leo asubuhi nikarudi uwanjani. Viroba vilevile, kilima kilekile. Nikasimama juu ya mstari wenyewe, chokaa chini ya tairi. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kutafuta gogo, nikaurudisha mfukoni. Nikaenda nikasimama karibu na Kalasinga. Tulikaa pale, wawili, tunalitazama lori lisiloenda popote. Sikujua kama lori lililosimama laweza kupendeza namna ile.

Nilimwambia hapohapo. Nikasema, "Liliteleza. Mwezi uliopita. Nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Gogo lilinieleza." Akabandika karatasi kwa mkono wake. Kisha akanirudishia gogo, akasema nisilitupe, hakuna ubaya kuwa nalo. Ila nilijue cheo chake, ni msaidizi.

Nimefika nyumbani kabla ya saa tisa. Mwanamisi alikuwa uani. Nikamwita, nikamweleza yote, tangu utelezi hadi nyuzi tatu. Nilisubiri anipigie kelele.

Alifuta mikono kwenye leso. "Sasa waniambia leo," akasema. "Kwani mimi sikuwamo?"

Ndipo nilipoyaona ya mwezi mzima kwa mara moja. Tangu siku ile, kila tukienda mjini, lori likifika juu ambapo mteremko waanza, Mwanamisi huniambia simama, anataka kunyoosha miguu. Humshika Riziki mkono wakateremka kwa miguu hadi kivukoni, juani, Riziki na tumbo lile. Mimi nilikuwa nikimtania. Nilimwita bibi kizee mbele ya abiria. Naye hakunijibu hata siku moja, hakunivunjia heshima, alishuka tu.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe."



Akaingia ndani, akatoka amevaa buibui, akaniambia twende. Nikadhani ana haja dukani. Akapanda mbele, kitini. Tukaenda hadi juu ya mteremko, nami nikasimama kama nilivyozoeshwa, nikazunguka kumfungulia mlango.

"Hushuki?"

"Nishukie n'ni?" akasema, akauvuta mlango ukafungika.

Nikateremsha lori hadi katikati, pale pabaya. Nikavuta breki, nikashuka mikono mitupu. Magari mengine yalikuwa na magogo yao. Dereva mmoja akanipigia kelele, "Mkatazamu, umesahau gogo!" Nikajibu kwa sauti kwamba mimi si mkata zamu wa mtu, siku ile breki zilikufa na sote tulikuwa twaenda majini, na lori lako umelitazama lini? Akageuka kulitazama gurudumu lake. Naona aibu kuandika kwamba nililia kidogo, lakini nililia, pale pale barabarani, na nikapanguza machozi kwa kofia.

Ndani ya lori Mwanamisi alikuwa ameketi, ameegemea, anatazama feri ikija. Miguu ameinyoosha.

Kesho asubuhi tunampeleka Riziki kliniki. Atakaa mbele na mama yake hadi chini.