Upande wa Pipa la Maji

Kaka Shija,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono wangu umekataa kuanza kwa njia nyingine. Mchungaji anasema waliolala hawasomi barua. Sijabishana naye. Nimechukua tu kalamu, nimepanda kwenye lile jiwe ulilopenda kukaa ukija kunitembelea hapa Ilemela, na ziwa liko chini yangu limetulia kama mtu anayesikiliza.

Mambo yamebadilika tangu tulipokuzika. Pamba siku hizi inanunuliwa na watu binafsi, kila mmoja na mzani wake. Sangara anapita kiwandani, minofu inapanda ndege, sisi tunarudishiwa mapanki, vichwa na mifupa. Tukiyakaanga vizuri yana utamu wake, usicheke. Na televisheni imefika mtaani kwetu. Kanunua mume wa Mama Neema, yule mama mwenyekiti wa kwaya yetu, kwa biashara yake ya samaki. Antena kaifunga kwenye mti mrefu juu ya jabali, upepo ukivuma inainama kama inasali.

Kwenye hiyo televisheni, kaka, nimemwona mwanao.

Kabula aliitwa Dar kushindania tuzo za muziki. Sherehe yenyewe ilionyeshwa kwetu umeme ukiwa umekatika, ikarudiwa Jumapili mchana baada ya ibada, na karibu kanisa zima likahamia uani kwa Mama Neema. Televisheni waliiweka dirishani ikitazama nje, wakatundika blanketi juu yake ili jua lisifute picha. Mimi nilikaa mbele kabisa na wanakwaya, maana ndimi mlezi wao, na Kabula ni mwimbaji wao wa mstari wa mbele.

Walitangulia wengine. Kijana mmoja wa muziki wa kufokafoka, vijana wetu wa kiwandani walimfuata neno kwa neno. Kisha akaja Kabula, na gauni refu la bluu alilolishona mwenyewe. Picha ikaingia chenga, nyeupe, kama wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, na katikati ya zile chenga sauti yake ikatoka safi kabisa. Nikafumba macho. Nilipofumbua, wimbo ulikuwa umefika mahali pasipo na maneno, naye ameinamisha mabega. Niliyajua mabega yale. Akaitupa maiki juu, ikazunguka, naye akazunguka, akaidaka karibu na sakafu. Kama wewe na jembe lako ngomani. Sikuiona tena Dar. Niliona uwanja wa Kisesa, vumbi la baada ya mavuno, jembe lako linapanda linameta, linakaa juu kidogo kuliko majembe ya wenzako, kana kwamba limesahau kushuka.

Sijui alijifunza lini. Au najua. Si unakumbuka alivyokuwa akirusha mwiko jikoni kwangu? Siku ile mwiko ulitumbukia kwenye sufuria ya uji, nikamgombeza, nawe mlangoni ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Tuzo alipewa yule wa kufokafoka. Hapo uani pakawaka. Vijana walisema majaji wamehukumu sawa, Kabula sauti anayo, ila mambo ya majembe ni ushamba. Kina mama wa kwaya wakasema ushamba si neno. Neno ni kwamba binti aliyelelewa kanisani ameionyesha nchi nzima ngoma ya wasiomjua Mungu. Mmoja akasema gauni hata hivyo lilimpendeza. Hakuna aliyemsikiliza.

Alikuwapo pia Mzee Masanja, mpiga ngoma wako. Alikuja mjini kutibiwa macho. Tangu Kabula aanze kuimba alikuwa ameinuka, akaenda kusimama peke yake upande wa pipa la maji. Mume wa Mama Neema akamwambia akae, atachoka. Mzee akajibu hawezi kukaa watu hawajahesabiwa.

"Watu gani, mzee?"

"Sisi wa upande wa mtoto wa Shija."

Wakamweleza kwamba majaji wako Dar, wameshaamua, tena hawatuoni. Akaielekea ile televisheni.

"Hawatuoni," akasema. "Sasa wamejuaje nani kashinda?"

Ua wote ukacheka, vijana wakagongeana mikono. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesharudi Kisesa, zile ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja uwanja mmoja, jaji hakuna. Anayependa ya huku anahamia huku kwa miguu yake mwenyewe, na jua likishuka, palipojaa watu ndipo paliposhinda. Utotoni nilikuwa nakimbia tangu asubuhi niwahi upande wako. Baada ya ubatizo sikuja tena. Nilikupikia, ukirudi nakuambia nimesikia unavyosifiwa, nami nakusifu. Siku moja ulinawa mikono ukaniambia taratibu, bila hasira yoyote, "Usinisifu kwa mdomo, Ngolo. Njoo usimame huku."

Kicheko kilipopoa Mama Neema akanigeukia. Si mtu mbaya, kaka. Ulipoumwa ndiye aliyekesha nami hospitalini. Alisema Kabula akirudi akae nje ya kwaya mpaka atubu mbele ya kanisa. "Mlezi," akaniambia, "wewe sema neno moja tu, tumalize."

Wote wakanitazama. Nilijua yule binti akishuka kwenye treni atautafuta uso wangu kabla ya kutafuta begi lake. Mama yake alitangulia, ukafuata wewe, kwaya ndiyo nyumba aliyobaki nayo. Na mimi pia, kaka. Miaka yote hii sina nyingine.

Nilijaribu kuomba neno, ikaja sauti yako. Basi nikainuka, nikabeba kigoda changu, nikauvuka ule ua. Si mkubwa, lakini nilikwenda kama mtu anayetembea ndani ya maji, huku wanakwaya wangu wakipisha miguu. Nikafika penye pipa, nikasimama.

Mzee Masanja hakuniona vizuri. Akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Ngolo."

"Umechelewa," akasema. "Simama vizuri."

Safari hii hakuna aliyecheka. Akaja binti mmoja wa sauti ya kwanza. Akaja Neema mwenyewe, mtoto wa mwenyekiti, hakumtazama mama yake. Basi. Kwa Kisesa tungekuwa tumeshindwa, nawe ungeweka jembe begani ukaenda zako kimya. Mama Neema aliizima televisheni. Tangu siku ile salamu yetu ni ya kupita tu, na sijui kama nitaendelea kuitwa mlezi. Namwomba Mungu anionyeshe kama nimekosa. Mpaka sasa ananionyesha ziwa tu, na mwanga unaotembea juu yake.

Kesho nakwenda stesheni. Nakuahidi, sitamwambia Kabula kwamba aliimba vizuri. Nitasimama mahali atakaponiona. Jumapili nitaingia naye kanisani, nitamfikisha mstari wa mbele kwa mkono wangu, na wakimtoa watatutoa wawili. Jembe lako bado liko nyuma ya mlango wangu. Nimelisugua kutu. Ni lake sasa.

Lala, kaka yangu. Kama waliolala hawasomi, Mungu atakusomea, Yeye ndiye ajuaye amekulaza wapi. Mwambie asome polepole pale nilipouvuka ua. Majaji hawakutuona. Wewe nihesabu.

Mdogo wako,
Ngolo