Keki ya Jedida Ukutani

Shekha, uko hapo? Mama leo aibu imemshika, Jedida mzima!

Ile keki ya Krismasi ya 1986, ambayo mama husema baba aliila peke yake? Imepatikana. Ukutani!

Sikiza. Mwaka ule walikuwa wakiikarabati nyumba hii kuukuu. Mkesha wa Krismasi mama akaificha keki kidakani, lile tundu la ukutani la kuwekea vitu, ndani ya mkebe, sisi watoto tusiione. Kisha akamwambia fundi Awadh, "Ziba matundu yote, kesho nina wageni," akaenda zake kanisani.

Kurudi, ukuta mweupe pe, keki haipo. Fundi gani aizibe keki? Basi ni baba!

Leo ukuta umebomolewa, mkebe huo! Mkebe, Shekha!

Tukampigia Mzee Awadh. "Shikamoo mzee, mkebe hukuuona?"

"Marahaba, mwanangu. Niliuona. Nilidhani ndiyo ada yenu Wakristo, nikaona haya kuuliza."

Miaka yote hiyo, kila Krismasi, baba hukatiwa kipande chembamba kama karatasi!

Baba wala hakugomba. Kachukua kisahani, kaketi mezani: "Jedida, nikatie changu."