Vitu vya Shufaa vimetangulia

Jaha, wallahi usimwambie mtu hapo Ilomba. Niko Igowole kwenye mahafali ya mdogo wangu Shufaa.

Ulijua mahafali ni KABLA ya mtihani? Kabla. Wanakula keki kwanza, halafu mtihani wa kidato cha nne ndiyo unaanza Jumatatu. Mimi niliishia la saba, ningejuaje?

Shufaa alikuwa anapiga picha na wenzake. Nikawaagiza watoto wa kidato cha pili wanitolee vitu vyake bwenini. Godoro, tranka, ndoo, madaftari. Vyote nikapakia kwenye lori la mbao linalokuja Mbeya. Sketi zake za shule nikampa mmoja wa wale watoto. Akashukuru, akakimbia.

Halafu MC akanipa maiki niwasemee wazazi. Nikasimama na kanzu yangu. "Kuanzia leo Shufaa ni mtu mzima. Shule basi. Vitu vyake vimeshatangulia nyumbani."

Mkuu wa shule akachukua maiki taratibu. "Mzazi, vimetangulia wapi?"

Jaha. Vimetangulia wapi.

Dereva nimempigia, ameshapita Makambako.

Sasa hivi kidato cha pili wote wamepangwa mstari mbele yangu, nimtambue mwenye sketi. Sura yake siikumbuki.

Matroni kamuuliza Shufaa, "Huyu ni nani yako?"

Nimemlea tangu ana miaka minne, Jaha. Kamwangalia matroni usoni, kasema, "Jirani."

Basi jirani anakwenda Mafinga kununua godoro.